Vyuo Viwili, Laini Moja

Saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili, jina la Tusekile lilionekana mara mbili kwenye kompyuta ya Irene, mwenye duka la steshenari karibu na mpaka wa Tunduma.

"Huu ndio udahili zaidi ya mmoja," Irene alisema. "Chuo kimoja kimekupa famasia, kingine ualimu. Leo unathibitisha kimoja. Usipothibitisha, unazikosa nafasi zote mbili."

Tusekile alitaka famasia. Ualimu aliujaza kumridhisha mjomba wake Hezron, aliyemchukua kutoka Igamba na kumlea kama binti yake.

Namba ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu iliyoandikishwa wakati wa kuomba. Wakati ule Tusekile hakuwa na kitambulisho cha kusajilia laini, kwa hiyo walijaza namba ya simu ya mjomba. Naye mjomba alikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akipakia mahindi. Simu yake ilikuwa ya laini moja. Kila akivuka alichomoa ya Tanzania na kuweka ya Zambia.

Irene alimpigia kwa namba ya Zambia na kufungua spika.

"Shikamoo, mjomba," alisema Tusekile.

"Marahaba, mwalimu!"

Irene akamweleza habari ya vyuo viwili na namba inayosubiriwa.

"Si athibitishe vyote? Kimoja kiwe akiba."

"Haiwezekani, mzee. Kuposwa na wawili si kosa. Kuolewa na wawili ndiyo kesi."

Mjomba alicheka. "Basi aolewe na ualimu."

"Mjomba, mimi naomba famasia."

"Famasia ya nini? Hapa mpakani panadol zinauzwa hadi na wauza nyanya. Wao wamesomea chuo gani?"

"Ndiyo maana watu wanadhurika, mjomba."

"Nabadilisha laini," mjomba alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Namba nitamsomea Irene. Irene, weka ualimu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Simu ikakatika. Mlango wa duka ulikuwa wazi, lakini Tusekile hakuwa na pa kwenda. Namba ilikuwa moja, na aliyeishika alikuwa mmoja.

Mjomba alipiga tena, safari hii kwa laini ya Tanzania. Alisoma tarakimu polepole, Irene akaziandika kwenye karatasi na kumsomea tena kuhakikisha. Kisha akafungua akaunti za vyuo vyote viwili.

"Namba hii haichagui," alimwambia Tusekile. "Ukiiweka huku, unathibitisha huku. Ukiiweka kule, kule. Lakini mzee ameniagiza ualimu, na mkono wangu hautaweka kingine."

Alisimama. "Fotokopi imeishiwa karatasi. Naenda kuiongezea."

Kiti kikabaki kitupu.

Tusekile alijua kwamba jambo hili halitafichika. Akithibitisha famasia, taarifa itakwenda kwenye laini ileile, na jioni watakula meza moja na mjomba. Alikaa kwenye kiti. Akaingiza namba upande wa famasia, akailinganisha na karatasi tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza.

Kioo kilibadilika: umethibitisha. Alipofungua akaunti ya ualimu, kitufe cha kuthibitisha hakikuwepo tena.

Simu ya Irene iliita juu ya meza. Ilikuwa laini ya Tanzania ya mjomba. Irene, akiwa ameinamia fotokopi, hakugeuka.

Tusekile akaipokea.