Hotuba ya Kwanza ya Callixte

Siku mjukuu wangu Callixte alipotoa hotuba yake ya kwanza katika bunge la jimbo, tulipanda treni asubuhi kutoka mtaani kwetu Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, mimi na mama yake, Honorine. Huyu Honorine ni mkamwana wangu, mjane wa mwanangu. Alikuwa ametoka kazini kwenye nyumba ya wazee, hajalala, lakini alijipaka mafuta na kufunga kitambaa kama anayeenda kuozesha.

"Mama," akaniuliza, "unafikiri atanitaja?"

"Sasa amtaje nani? Mimi?"

Tukacheka mpaka watu wakageuka.

Maana Callixte alifika Sydney mtoto wa miaka sita, ameshikwa mkono na mama yake. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipofika huku, yeye ameshaota ndevu. Honorine alimlea peke yake, kwa kusafisha maofisi ya mjini usiku. Mara moja, kabla ya kwenda kazini, alimwambia jirani mzungu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta: niangalizie mtoto. Kwetu hiyo inatosha. Yule mama akatabasamu, akapunga mkono, wala hakujua kwamba amekabidhiwa mtu. Aliposikia kilio akaita polisi, na serikali ikamchukua mtoto. Honorine alikwenda mahakamani na kurudi, na Kiingereza chake cha kuombea maji, mpaka wakamrudishia.

Mtoto akasoma sheria, akawatetea wafanyakazi wa maghala, akawa diwani. Chama kikamwona. Kwenye kampeni alihubiri jambo moja tu, usalama wa watoto, na watu wakampa kura.

Basi tukakaa juu, kwenye viti vya wageni. Callixte akasimama chini, suti imemkaa vizuri. Kiingereza kile kilinipita, kwa hiyo Honorine alinitafsiria sikioni.

"Anasema amelelewa na mwanamke mmoja."

"Eh!" Nikamfinya paja. "Si nilikuambia?"

"Ngoja, Mama. Anasema mwanamke huyo alimbeba mgongoni kutoka vitani. Anasema alifagia maofisi ya mji huu ili yeye asome." Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa furaha. "Anasema huyo mwanamke hata shule ya msingi hakumaliza..."

Hapo akaacha kutafsiri. Honorine ana diploma ya ualimu kutoka Bukavu. Aliyeishia darasa la tatu ni mimi.

"Anasema nini?"

"Anasema ni koko wake, bibi yake. Ni wewe."

Chini kule Callixte akanyoosha mkono kuelekea kwetu, na bunge zima likainua macho.

"Simama, Mama," Honorine akasema.

"Sisimami."

"Wanakungojea. Usimwaibishe mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu. Simama."

Nikasimama. Waheshimiwa wakanipigia makofi kwa mgongo ambao haukuwa wangu, na Honorine akapiga pamoja nao.

Baadaye, ukumbini walikoweka chai, Callixte alikuja akanikumbatia mimi kwanza. Kisha akamgeukia mama yake, akipunguza sauti.

"Mama, usichukie. Watu wa chama walisema nikikutaja, magazeti yatafukua ile kesi. Mtetezi wa watoto, na mwenyewe alichukuliwa na serikali? Wangenimaliza. It's just politics."

Nilitaka kumwambia neno. Honorine akanitangulia.

"Umeongea vizuri, mheshimiwa."

Tangu amzae hajawahi kumwita hivyo. Nilidhani Callixte atashtuka. Akashusha pumzi, akatabasamu, akamwita mpiga picha.

"Koko, njoo katikati hapa. Mama, na wewe njoo, simama nyuma kidogo."

Honorine akasema hapana, yeye atashika makoti yetu.