Amita ya Chaki

Jumatatu, kipindi cha tatu, ukungu ulikuwa umeshaingia darasani kupitia dirisha lililovunjika mwaka juzi, na harufu ya makande ilianza kutoka jikoni. Madam Jackline, mwalimu wa fizikia wa kujitolea, alichora saketi ubaoni: betri ya volti sita, swichi, rezista ya omu mbili, taa ya omu nne, na amita ya kupimia mkondo wa umeme. Amita aliizungushia kifuniko cha chupa yake ya chai ili itoke duara. Mshale akauweka kwenye sifuri.

Vifaa vyenyewe vilikuwa ng'ambo ya uwanja, kwenye kabati la chuma ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Bartholomeo. Wafadhili walivileta, picha zikapigwa, mkuu akatia kufuli. Vilitoka siku za wageni tu, vikapanguswa vumbi juu ya nailoni, vikarudi. Nyumbani kwake makochi nayo yana nailoni tangu alipooa. Ukikaa, kochi linalia kama bata. Mwizi hakuwa. Alikuwa mtunzaji, na mtu wa namna hiyo huwezi hata kumshitaki.

"Haya, Klara, njoo ubaoni," alisema Madam.

Klara alikuwa kidato cha nne. Mtihani wa taifa wa vitendo ulikuwa mwezi unaofuata. Akifaulu fizikia, anakwenda chuo kusomea umeme. Asipofaulu, baba yake mdogo alishamwombea kibarua cha kuchuma chai. Na waya wa shule hajaushika hata siku moja.

Alijumlisha omu, akagawa volti, akaandika ampea moja. Mshale wa chaki ukapanda mpaka kwenye moja. Taa ya chaki ikawaka.

"Imewaka," alisema Paskali kutoka nyuma. "Sasa sogea, unanikinga."

Madam akaweka vema. Akafuta swichi, akaichora tena ikiwa imefunguka, taa ikazimika, akaenda swali la pili: boksi la kilo mbili kwenye mteremko wa nyuzi thelathini, msuguano upuuzwe, tafuta mchapuko.

Paskali akatoka, akaandika kumi.

"We Paskali, umeusahau mteremko. Kumi ni kitu kinachodondoka wima."

Boksi lilishadondoka. Lilitoka ubaoni wima, likampata Paskali kwenye kidole gumba cha mguu, likatua sakafuni. Kwa kuwa msuguano ulipuuzwa, halikutulia hapo. Sakafu ya darasa inainamia mlangoni, basi likaondoka taratibu, likapita uwanjani, likashika kasi kwenye njia ya kwenda bondeni. Wanafunzi wakarudi kuandika masahihisho.

Kabla ya chakula akaja Mzee Nathanaeli, mwenye shamba la kabichi chini ya shule.

"Shikamoo babu," darasa zima likasimama.

"Marahaba. Nani kapuuza msuguano?"

Paskali akanyoosha mkono.

"Safu yangu nzima ya kabichi imelala! Na boksi lenyewe halikamatiki, nimelikimbiza mpaka barabara ya Mlola. Mpuuze basi na njaa, tuone." Akamtazama mguu. "Limekupata?"

"Ndiyo, babu."

"Vizuri."

Mkuu alisikia kelele, akaja. Klara akaona ndio nafasi yake.

"Shikamoo mkuu. Naomba tufunguliwe kabati. Mtihani umekaribia, hatujui hata waya unafungwaje."

"Marahaba. Ubaoni si mmefundishwa?"

"Waya wa ubaoni unaungwa kwa chaki, mkuu. Wa kweli una skrubu. Siku ya mtihani nitaanza kuuliza skrubu inazungukia wapi?"

"Mkivunja, nani atanunua?"

"Na tukifeli, nani atatununua sisi?"

Madam Jackline akatazama chini kuficha uso. Mkuu hakukasirika. Alikuwa ameshaiona amita. Akachukua chaki, akafunga swichi, taa ikawaka. Akaifungua, ikazimika. Akafanya hivyo tena na tena, mpole kabisa, kama mtu anayejaribisha redio dukani.

"Kumbe shule ina kifaa hiki, halafu mnakiacha wazi, watoto wanakipumulia!" Akamwita mlinzi, Faraji. "Lete nyundo. Ng'oa ubao, peleka ofisini."

"Mkuu," alisema Madam, "huo ndio ubao wetu pekee."

"Ndiyo maana lazima utunzwe."

Darasa likabaki na misumari. Madam akawa anachora hewani kwa kidole. Hewani hakikuwaka kitu.

Siku ya mtihani kabati lilifunguliwa. Nailoni zilichanwa mbele ya msimamizi, na mkuu aligeuka asione. Klara akapewa betri, waya, amita. Skrubu ilimchelewesha, kwanza aliizungusha upande wa kukaza, jasho likamtoka, lakini mwisho akaunga kila kitu mahali pake. Mshale haukusogea. Akatazama betri: zilishaoza humo humo kwenye nailoni, zimetoa unga wa kijani.

Akanyoosha mkono. "Betri zimekufa."

"Andika unachokiona," alisema msimamizi.

Klara akaandika sifuri kwenye jedwali lote, kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Halafu akachora saketi yake pembeni, kwa wino. Ikawaka.

"Zima hiyo, unasumbua wenzako."

Akachora swichi imefunguka. Ikazimika.

Matokeo yalipotoka, fizikia alipata F. Darasa zima walipata F, hata Paskali, ambaye safari hii hakupuuza kitu.

Klara alikwenda kuchukua cheti chake siku ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika wilaya nzima, lakini ofisi ya mkuu ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Ubao umeegemezwa ukutani, taa ya chaki inawaka, na mtu ameshaongezea soketi ya chaki, simu tatu za walimu zinachaji. Pembeni kabati lina kufuli, na betri zimerudishwa ndani, katika nailoni mpya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku kwenye mwanga, usaini."

Klara akasogea kwenye taa yake, akasaini.

"Mkuu, kidato cha tatu wafungulieni mapema. Nakuomba. Nunueni betri."

"Nimefunga kwa sababu yao. Mwakani si wana mtihani?"

"Umetuua, mkuu," alisema Klara. Hakuishusha sauti. "Umetufungia humo na hivyo vyuma."

Mkuu akampa cheti kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Pole, mwanangu. Ukitoka rudishia mlango, unyevu unaharibu chaki."

Klara aliuacha wazi, mvua ikaingia. Mkuu akanyanyuka, akaufunga mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake.