Abiria wa Muuza Seng'enge

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, Mubarak alikodi baiskeli mjini Mbita kwa fundi aitwaye Cephas. Ilikuwa ile nyeusi nzito ya Kihindi, breki za vyuma, kengele imekufa, na juu ya keria kumefungwa mto wa sponji wenye ngozi nyekundu na mashada pembeni, ule wa kukalia abiria.

Mubarak ana duka la hadiwea kule Awendo, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuchukua likizo. Daktari ndiye aliyemwambia sukari imepanda, atafute baiskeli. Meneja wa hoteli moja ya ufuoni, kisiwani Rusinga, alipopata habari akamwandikia barua: njoo uendeshe baiskeli kisiwani kwetu, ulale siku mbili, watu wawili, ni shukrani ya hoteli. Wa pili angekuwa bintiye Aliya, lakini Aliya aliposikia habari ya milima alisema ana mafua.

"Mzee, huu mto nitoe?" Cephas akauliza.

"Uache. Utabeba begi langu."

"Huku kwetu baiskeli iko na mto haikatai mtu. Mwenye ataketi, utambeba."

"Sawa."

"Nimekuambia," akasema Cephas, akarudi kuziba pancha ya mwingine.

Mubarak akavuka daraja akaingia kisiwani. Ziwa lilikuwa linang'aa upande wa kulia, furukombe wametua juu ya miti iliyokauka, na hewa ilinukia omena walioanikwa. Palikuwa pazuri kweli, kama picha za kalenda. Shida ilikuwa upepo. Ulimpiga usoni tangu darajani. Alipofika penye kona na barabara ikageuka kurudi ilikotoka, upepo nao ukageuka ukamkabili. Akashuka, akainamia mnyororo kuutazama. Upepo ukasubiri. Alipopanda, ukaanza tena.

Wanawake waliokuwa wakigeuza omena kwenye nyavu aliwasalimia, hawakuitika. Mmoja alisoma maandishi ya kofia yake, akawageukia wenzake.

"Ni yeye. Jaseng'enge."

Kofia ilikuwa imeandikwa MUBARAK HADIWEA, AWENDO. Maandishi hayo hayo yalikuwa ubavuni mwa lori lililopita hapo mwaka uliotangulia, mara tatu, likiwa limebeba mizingo ya seng'enge kupeleka hotelini. Mubarak hakufikiria kubadilisha kofia. Alikuwa nazo sita na zote ni hizo.

Mbele kidogo alisimama kwenye kinu cha kusagia mahindi akaomba maji.

"Maji iko ziwani," akasema mwenye kinu, bila kuzima mashine.

"Njia ya kwenda ziwani ni ipi, ndugu yangu?"

"Ile uliifunga. Zunguka kama sisi. Kilomita nne."

Watu waliosubiri unga wakacheka, kicheko kikavu, wakamtazama mpaka akapanda baiskeli.

Kwenye mwinuko wa pili baiskeli ikawa nzito. Mubarak alidhani ni tairi. Alipogeuka alimwona mwanamume ameketi juu ya mto, miguu upande mmoja, amevaa suti ya kijivu na soksi bila viatu. Begi alikuwa amelipakata vizuri ili lisipate vumbi.

"Endesha tu, omera, ndugu yangu," mtu huyo akasema. "Nashukia kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Hapo tu unaenda kulala."

Aliitwa Nicholas. Alikuwa amekufa kwa kifua miaka minne iliyopita, akazikwa bomani mwake inavyopasa mwenye boma, upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake. Haya aliyaeleza huku wakipanda kilima, Mubarak akihema. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheusi kwa wino.

"Nilipokuwa nimelala miezi miwili, wakaja watu wa karatasi," akasema. "Walichimbua mkono tu, huu hapa. Wakapaka wino, wakapiga kwa karatasi ya kuuza shamba, wakaurudisha. Lakini hawakuurudisha vizuri. Ukilalia mkono vibaya, utalala kweli?"

"Hulali," Mubarak akakubali.

"Nikaamka, nikaenda kwa chifu kulalamika. Chifu anasema niletee kitambulisho. Nikamwambia kitambulisho ilirudishwa kwa serikali nilipokufa. Akasema basi hawezi kunisaidia. Nikaenda kwake hivyo miaka karibu mitatu, na siku moja niliporudi nyumbani, nikapata seng'enge. Mwaka mzima sasa natafuta mahali pa kuingilia. Ulifunga vizuri, sitakudanganya."

"Mimi niliuza tu. Waliofunga ni wengine."

"Ndiyo nasema. Ni seng'enge nzuri."

Kila walipopita watu, walimsalimia Nicholas kwa jina, wakamwuliza chifu amefikia wapi. Mubarak hakusalimiwa na mtu.

Walifika kwenye geti la hoteli saa kumi alasiri. Nje ya ua, karibu na nguzo ya kona, mwanamke aliyeitwa Rispa alikuwa akikaanga samaki juu ya jiko la mkaa. Alikuwa mjane wa Nicholas, na hapo alipokaa ndipo mahali pa karibu zaidi na kaburi la mumewe alipoweza kufika.

"Wuon Lynnet, leo umeletwa na baiskeli," akamwambia mumewe, kwa jina la binti yao.

"Leo naona nitaingia, min Lynnet."

"Na huyo?" Alimtazama Mubarak toka kofia hadi viatu. "Huyo ndiye anakuingiza?"

Mlinzi alikuwa Bogonko, mtu wa Kisii, mpole, mwenye daftari. Alisoma barua mara mbili.

"Wageni wawili," akasema. "Nicholas hapa namjua, kila jioni namrudisha kwa sababu hana barua. Leo iko. Mzee, huyu ndiye wako wa pili?"

Nicholas alikuwa ameshashuka. Alikuwa anakunja mkono wake na kuukunjua, kama mtu anayejiandaa kulala.

Meneja akatokea na gilasi mbili za sharubati. Alikuwa anatabasamu. "Mubarak! Karibu! Kesho tutaongea mambo ya ua wa pili."

Mubarak aliangalia gilasi, akaangalia barua.

"Hapana," akamwambia Bogonko. "Nimempa lifti tu."

Bogonko akaandika: mmoja. Akafunga geti. Rispa akamgeuza samaki.

"Lala salama, Jaseng'enge," akasema. "Ukitoka mlangoni, kulia."

Kulia kwa mlango wa chumba chake palikuwa na kipande cha simenti kilichoinuka kidogo, na hapo ndipo wageni waliegesha baiskeli. Mubarak naye akaegesha. Jina lilikuwa limeandikwa kwa kidole simenti ilipokuwa mbichi, likasomeka vizuri katikati ya magurudumu. Alikula, akalala. Siku ya pili alizunguka kisiwa na upepo usoni. Siku ya tatu, alipotoka getini, baiskeli ikawa nzito tena, na hakugeuka kutazama.

Mbita, Cephas alikagua magurudumu, kisha akafungua kamba za mto akampa.

"Huu ni wako sasa. Ameshauzoea."

Nicholas akaenda naye Awendo. Anakaa dukani juu ya mto mwekundu, katikati ya misumari na rangi, na wateja humsalimia kabla ya mwenye duka. Ruqia, mke wa Mubarak, humwekea chai kila asubuhi. Haimalizi, lakini hushukuru.

Mwezi uliofuata meneja aliagiza seng'enge ya ua wa pili, upande wa ufuo ambako wanawake huanika omena: mizingo kumi na miwili, na kipande cha kumalizia. Mizingo ilipakiwa. Kipande kilihitaji kupimwa, na kijana wa dukani hakuwapo. Nicholas akainuka, akashika ncha ya waya kwa ule mkono wenye wino, Mubarak akarudi nyuma akihesabu, mpaka mlangoni.

"Ongeza mita mbili," akasema Nicholas. "Pale anapokaa min Lynnet kuna kona."

Mubarak akaongeza mita mbili, akakata.