Aliyejiandikisha Aje Mwenyewe

Aliyeandika ule ujumbe kule Nairobi hakuwahi kulipiwa karo na muguka, majani ya kutafunwa. Hilo Kawira angeliapa mbele ya mchungaji. "Kijana, muguka ni dawa ya kulevya. Mkimbie anayekupa." Ulitumwa Jumatatu kwa vijana wote wa Embu waliojiunga na huduma ya kuuliza mambo ya afya kwa simu. Mkimbie anayekupa! Huku Mbeere, mashambani mwa Embu, anayekupa ni baba yako, na ni muguka huohuo uliokununulia viatu vya kukimbilia.

Tena vijana wenyewe simu hawana. Huazima za wazazi jioni, wakauliza siri zao, wakafuta, wakarudisha. Kawira, muuguzi wa kliniki ya vijana mjini Embu, aliwaeleza hayo wakubwa wa mradi huo wa Nairobi hadi akachoka, nao wakamshukuru kwa maoni yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi Jumatano akaingia Mzee Mbogo, mkulima, ameinua simu iliyozimwa kana kwamba ameshika panya kwa mkia.

"Sista, nani amewaambia muguka ni madawa? Hii ndio imesomesha watoto yangu yote! Nimezima simu tangu Jumatatu, sitaki matusi. Toa namba yangu."

Hakuwa wa kwanza wiki hiyo. Kawira alimpa pole, akaiingiza namba kwenye kompyuta. Kulikuwa na swali la Jumapili: "Mimi ni msichana, miaka 17. Nikikojoa nachomeka na kuna uchafu unatoka. Baba akijua ataniua." Chini yake palikuwa na jibu la Kawira mwenyewe, kwamba aje, dawa ni bure. Jibu hilo lilikuwa bado linasubiri simu iwashwe.

"Wacha niwashe ujionee," alisema mzee.

"Usiwashe! Ukiwasha, zitaingia jumbe zingine."

Mzee aliondoa kidole upesi. Kawira akalifuta lile jibu.

"Kutoa namba naweza," alisema, "lakini watu wa Nairobi wanataka aliyejiandikisha aje mwenyewe. Ni wewe?"

"Mimi? Nijiandikishe nitukanwe?"

"Nani hushika simu yako jioni?"

Mzee aliwaza. "Wambura. Anasema ni ya homework."

"Usimgombeze, mzee. Shuleni waliambiwa wote wajiunge. Mlete kesho."

"Nipoteze siku mbili juu ya namba moja! Hao watu wa Nairobi wana wazimu?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Kawira, na hapo angalau hakudanganya.

Kesho yake Wambura alikuja nyuma ya baba yake, kichwa chini. Mzee aliishia mlangoni, kwani mwanamume wa rika lake haingii chumba ambamo binti yake anaongea na muuguzi. Aliketi kwenye benchi la nje, akatoa muguka mfukoni, akaanza kutafuna.

"Hajui lolote," Kawira alinong'ona, na msichana akaangua kilio.

Alimpima, akamdunga sindano, akamtaka ameze vidonge palepale ili kisibaki kitu cha kuficha. "Huyo mvulana aliyekuambukiza naye aje atibiwe, la sivyo tunateka maji kwa pakacha."

"Bado hamjafuta?" sauti ilifoka nje. "Namba moja, siku nzima?"

"Bado, mzee. Nairobi hawana haraka."

Walipotoka, namba ilikuwa imefutwa kweli. Ahadi ni deni. Mzee Mbogo alifurahi hata akamwachia Kawira kitita cha muguka mkononi.

"Sasa hii ndio kazi," alisema. "Mtu anakuja, anasaidiwa, anaenda. Si ile upuuzi ya simu." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, simu yangu hutaigusa tena."

Wambura alimtazama Kawira. Kawira, aliyewekewa kompyuta awajibu vijana wote wa Embu, alitia muguka mfukoni, akamwita aliyefuata.