Hatukununua Namba E

Watu wa Ilomba, kwetu hapa Mbeya, wakitaka kujua gari yako ina umri gani hawakuulizi. Wanaangalia namba ya usajili. Herufi ikiwa C, pole yako. Ikiwa D, unajitahidi. Ikiwa E, hata mwenyekiti wa mtaa anasimama kukusalimia.

Mjomba Gwakisa ndo mchungaji wa hiyo dini. Ni kaka mkubwa wa mama, ameendesha magari ya watu miaka kumi na nane na hajawahi kuwa na la kwake. Mama alipotaka kununua gari, baba alipiga simu kutoka Tunduma anakofanya kazi, akasema, "Nendeni na Gwakisa. Atakayoichagua, hiyo hiyo."

Lakini gari ilikuwa ya mama. Mama ananunua mchele Ubaruku anaupeleka Igowole, kule Mufindi, kwa watu wanaolima mahindi na viazi ila sikukuu wanataka pilau. Miaka yote mzigo wake unapanda fuso za watu. Mwezi wa tatu turubai la fuso moja lilichanika njiani, mvua ikaingia, magunia sita yakavunda. Nilimkuta jikoni ameshika mchele mkononi anaunusa. Halii, ananusa tu. Siku hiyo akaniambia, "Eva, natafuta gari yangu." Hela ilikuwa ya misimu minne, na ikipotea hakuna nyingine. Akaniambia na siri nyingine, hiyo nitaifikia.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye yadi ya Marcelino, njia ya Uyole. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Marcelino alikuwa na RAV4 mbili, zote zile tunazoziita Kili Time, umbo lile lile kama mapacha. Moja nyeupe, imepakwa mafuta mpaka matairi, namba E. Nyingine ya kijani, mlango wa nyuma umebonyea, vumbi hadi kwenye taa, namba C.

"Na huyu binti kaja kuchagua rangi?" Marcelino aliuliza.

"Huyu? Huyu haongei," mjomba akasema. "Ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi."

Wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ni kweli siongei. Darasani mwalimu Gerson akiniambia nisome, wa dawati la mbele wanageuka kunisaidia kusikia. Nikiwa na watu wazima mi huwa nasoma maandishi, yoyote, mfuko wa chumvi, kopo la rangi, ilimradi macho yawe na kazi.

Mjomba alishazunguka nyeupe mara tatu. "Sekela, dada yangu, hapa hakuna mjadala. Hii ni mpya. Ile ni babu yake."

"Iwasheni kwanza," mama akasema.

Marcelino akawasha nyeupe. Nyuma ukatoka moshi wa bluu, mzito, ukatambaa mpaka kwenye fensi.

"Mbona inavuta sigara?" mama akauliza.

"Mama, hii ni Mbeya," Marcelino akasema. "Baridi hii hata wewe ukihema unatoa moshi."

Mjomba alicheka mpaka akashika boneti. Mama akangoja amalize. "Washa na ya kijani."

Ikawaka. Hakuna moshi.

"Na hii haisikii baridi?"

Mjomba alikuwa ameshafungua mlango wa nyeupe. "Ingieni muone viti, acheni moshi."

Mimi nikawekwa nyuma, kama kawaida. Nikavuta mkanda wa kiti, kwa sababu mkanda una lebo, na lebo inasomwa. Fundi Obeid, jirani yetu mwenye gereji, aliwahi kunionyesha. Ukiuvuta mkanda wa gari ya Japani mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambaa kidogo kimeshonwa. Herufi nyingi za kwao, usihangaike nazo. Katikati kuna mwaka. "Namba ya gari inakwambia imesajiliwa lini Tanzania," Obeid alisema. "Mkanda unakwambia imezaliwa lini."

Mkanda wa nyeupe ulisema 2001.

Nikavuta wa upande wa pili. 2001. Waliposhuka, nikaenda kwenye ya kijani, nikaingia nyuma, nikavuta. 2004. Wa mbele, 2004. Yaani babu alikuwa mdogo kwa mjukuu miaka mitatu. Tofauti yao, mmoja alifika nchini zamani, mwenzake juzi.

Nikamfuata mjomba. "Mjomba..."

"Ngoja wakubwa waongee."

"Mjomba, mkanda..."

"Umekuumiza? Nenda kakae kivulini."

Kivuli gani, na jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Mama alikuwa ameshikilia pochi kwa mikono miwili. "Kaka, kwa nini hii nyeupe ni bei juu kiasi hicho, na umbo ni lile lile?"

"Unalipia namba E, dada. Unataka Ilomba waseme Sekela kahangaika miaka minne kaishia namba C? Hata mimi nitakayeiendesha nitaificha wapi sura?"

Nikasikia hapo. Nitakayeiendesha. Mama naye alisikia, nikaona kidole chake kinasugua zipu ya pochi.

"Kadi ya gari iko wapi?" mama akauliza.

"Kadi ziko kwa bosi, mtazikuta siku ya kumaliza malipo," Marcelino akasema, na karatasi ya mkataba ikatoka mfukoni mwake kama leso. "Leo ni saini tu na kianzio. Kuna mtu wa Tukuyu anakuja saa sita anaitaka hii hii."

"Shemeji kasema nikuongoze," mjomba akasema. "Nimekuongoza. Saini."

Mama akachukua kalamu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo, naapa, nikasikia hewa tu inatoka. Ile ya kijani ilikuwa bado inanguruma, mlango wa dereva uko wazi. Nikaingia. Nikafunga mlango, nikabonyeza loki zote, nikafunga mkanda. Halafu nikaweka viganja vyote viwili kwenye honi, nikalala juu yake.

Sauti sina. Honi ninayo.

Mbwa wa yadi alikimbilia chini ya lori. Wapita njia wakasimama. Marcelino alikuja anapunga mikono, mjomba anapiga kioo. "Eva! Umechizika? Toka!" Sikutoka. "Nitakuhesabia mpaka tatu!" Akahesabu mpaka tatu, mimi nikaongeza honi. Akahesabu tena.

Mama alifika wa mwisho, kalamu bado mkononi. Hakupiga kioo. Aliinama tu akaniangalia, kama alivyouangalia ule mchele, na mimi nikaacha honi, nikashusha kioo upana wa mkono.

"Someni mikanda," nikasema.

"Nini?"

"Mikanda! Ya hii na ya ile. Chini kabisa. Nyeupe ni ya 2001. Hii ni ya 2004. Namba E ni ya kuja juzi, sio ya kuzaliwa juzi!"

Ilitoka kubwa mpaka nilijishtukia mwenyewe.

Mama akaenda kwenye nyeupe, akavuta mkanda, akasoma akinyanyua kichwa kidogo kama anasoma kipimajoto. Akarudi kwenye ya kijani. Nikafungua loki, akasoma. Mjomba akasema, "Mkanda unabadilishwa."

"Yote minne?" nikamuuliza. Mimi. Nikamuuliza mjomba.

Mama akamgeukia Marcelino. "Baba, ulituambia ile nyeupe ni mpya."

"Mi nilisema namba E," Marcelino akasema. "Aliyesema mpya ni kaka yako."

"Leta kadi zote mbili."

"Mama, kadi ziko kwa..."

"Lete, au nimngoje huyo wa Tukuyu nimuelezee mkanda."

Marcelino aliingia kwenye kibanda akatoka na bahasha mbili. Kumbe bosi anakaa kwenye droo. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pale pale kwenye kadi: 2001, 2004.

Mjomba alisoma, akasoma tena. Nilifikiri ameisha. Wapi. "Sawa," akasema. "Sawa. Lakini barabarani nani anasoma mkanda? Watu wanasoma namba! Sekela, heshima yako."

"Heshima yangu ilivunda na magunia sita, kaka. Haikuulizwa namba." Akamrudishia Marcelino kalamu. "Nachukua ya kijani. Na bei ni ya kijani, usinichanganyie."

"Basi," mjomba akasema, akakunja mikono. "Mi namba C siendeshi. Tutaona itatokaje hapa."

Na hapo ndo ile siri ya pili. Mama akafungua pochi, akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge, akakifungua taratibu. Leseni. Miezi mitatu alikuwa anaamka saa kumi na moja anasema anawahi ibada ya asubuhi, kumbe anawahi shule ya udereva. Aliyejua ni mimi peke yangu, maana ni mimi niliyekuwa nachemsha chai.

"Ndaga, kaka," mama akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Kwa kunisindikiza."

Malipo yalikula mchana mzima. Saa tisa mama akakaa kwenye usukani, mi pembeni yake. Tatizo likawa moja, alijifunza kwenye gari ya gia, na hii ni otomatiki. Mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi, haipo, ukakanyaga breki. Tukaruka mbele, tukasimama, tukaruka tena. Marcelino aliwahi kufungua geti lote kwa kuhofia geti lake.

"Huo wa kushoto uweke mbali!" mjomba alipiga kelele pembeni. "Mguu wa kushoto hauna kazi!"

"Umesikia," mama akauambia mguu wake. Gari ikatulia, ikatoka getini taratibu. Pale nje mama akasimama, akashusha kioo. "Kaka, kuna bajaji za Ilomba hapa, au utapanda?"

Alipanda. Nyuma, nilipokuwa nakaa mimi. Njiani nikasikia mkanda unavutwa, krrr, mpaka mwisho.

"2004," mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua mwenyewe.

"Sasa ufunge," mama akasema.

Tulipokunja mtaani kwetu watoto wakaanza kukimbia pembeni, na mama Happy wa duka la kona akatoka na ndoo yake, akaitua njiani. Hakutuangalia sisi. Aliinama mbele ya gari, akasoma namba, akanyooka.

"Jamani Sekela! Baada ya kungoja kote huko, namba C?"

Kiti cha nyuma kilikohoa. Mjomba alikuwa anatafuta maneno, na nilijua yatakuwa yale ya "mimi nilimshauri lakini hasikii." Sikumngoja. Nikashusha kioo mpaka chini, nikatoa kichwa chote.

"Ndiyo, mama Happy. C. Na Jumatano inapeleka mchele Igowole, mkavu."

Halafu nikanyoosha mkono mbele ya mama nikapiga honi, ndefu, mpaka mama Happy akaondoa ndoo yake njiani.