Madirisha Saba ya Shangazi

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alijibandika mwenyewe, na watu wakalikubali kwa kuwa kubishana naye kulichosha kuliko kung'olewa jino. Lakini programu aliyoiandikia kliniki ya meno ilikuwa kazi yake kweli, mstari kwa mstari, na Jumatatu ile, siku ya kwanza ya kutumika, alifika amepigwa pasi hadi kwenye kamba za viatu.

Kazi yenyewe aliipata kwa mgongo wa shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa mpokezi wa kliniki hiyo kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyemwambia daktari, "Nina mtoto wa kaka yangu. Mdomo mrefu, lakini kichwa kinafanya kazi."

"Tazama, Shangazi," Injinia alisema, akivuta kiti hadi kwenye meza ya mapokezi. "Hili hapa kwenye kompyuta ni dirisha lako. Foleni hii, namba na majina. Daktari akimaliza na mgonjwa, anabonyeza kengele iliyo kando ya kiti chake. Dirisha lako linasikia, linaita namba inayofuata kwenye spika na kwenye ile skrini ya ukutani. Wewe huna la kufanya."

"Na kengele inajuaje nani aitwe?"

"Haijui. Kengele kazi yake ni kupiga kelele tu: nimebonyezwa! Basi. Anayetenda ni yule aliyejiandikisha kuisikiliza. Nimeliandikisha dirisha lako."

"Kumbe ni umbea," Shangazi alisema. "Mmoja anaropoka, mwenye masikio anakimbia kutenda."

"Siyo umbea, Shangazi. Ni sayansi."

"Haya, sayansi. Na hiki kitufe kilichoandikwa 'Ita'?"

"Cha dharura. Kengele ikigoma, unabonyeza hapo. Mara moja."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Umekuja kunifundisha kuhesabu hadi moja?"

Sasa, Shangazi alikuwa mtu wa kufunga. Kalamu aliifunika, droo aliisukuma mpaka mwisho, bomba la maji alilikaza hadi likalia, na midomo ya watu aliifunga kwa jicho moja tu. Kila alipoinuka mezani asubuhi ile, alipeleka mshale kwenye alama ya msalaba pembeni mwa dirisha, akalifunga. Akirudi, analifungua upya. Injinia aliliona hilo na hakulijali. Yeye wiki nzima ya majaribio alilifungua dirisha mara moja tu na kuliacha wazi, akilitazama kama mtu anayetazama picha yake ya harusi.

Wagonjwa kumi wa kwanza Shangazi aliwaita kwa mdomo na kuwafuta kwenye foleni, kwa kuwa daktari aliisahau kengele. Ilipofika saa tano, daktari alimaliza kuziba jino, akabonyeza kengele kwa mara ya kwanza.

"Namba kumi na moja, ingia," spika ikasema. "Namba kumi na mbili, ingia. Namba kumi na tatu, ingia." Haikunyamaza hadi kumi na saba.

Wagonjwa saba waliinuka kwa pamoja. Watu wenye maumivu ya jino hawana subira wala adabu. Mwalimu mmoja mnene na mama aliyebeba mtoto walikwama mlangoni, na nyuma yao babu mwenye shavu lililovimba kama aliyeficha chungwa akawa anawasukuma kwa mkongojo. Ndani, daktari alisimama na koleo mkononi kama mtu aliyevamiwa na deni la ukoo mzima. Ukutani, skrini ikageuka nyekundu na kuandika maneno ambayo Injinia aliyatunga mwenyewe, akajisifu nayo, yajitokeze namba zikiitwa nyingi kwa mpigo: MTUMIAJI! UMEAMBIWA BONYEZA MARA MOJA!

Chumba kizima kikageuka kumtazama Shangazi.

"Nani kafanya haya?" daktari aliuliza. "Mimi kengele nimeigusa mara moja."

Injinia alimtazama daktari, mwenye kliniki. Akamtazama shangazi yake. Kuchagua hakukumchukua muda.

"Basi ni kile kitufe cha 'Ita'," alisema. "Programu iko salama. Mtumiaji amebonyezabonyeza."

Alitamka "mtumiaji" kana kwamba hazungumzii dada wa baba yake.

"Sijakigusa," Shangazi alisema.

Daktari alishusha pumzi. "Mama, hukosei kwa makusudi, naelewa. Mashine hizi si za rika letu. Kuna binti wa shemeji yangu, amesomea kompyuta. Saa sita nampigia aje ashike meza hii. Wewe tutakupeleka stoo, kuna pamba za kupanga." Akarudi ndani.

Miaka kumi na tisa, kisha pamba. Shangazi hakulia. Alifunika kalamu, akafungua daftari lake la zamani, akamwita mwalimu kwa sauti yake mwenyewe. Halafu, bila kuinua uso, akamwambia Injinia:

"Nilikubeba mgongoni ukanikojolea gauni la kitchen pati. Sikusema mtumiaji amekosea."

Injinia aliikokota kompyuta yake ndogo hadi kwenye kona, karibu na kabati la mafaili. Alikuwa na uhakika. Programu yake iliandika kumbukumbu ya kila kilichotokea, na alitaka kuichapa iwe ushahidi, amwekee Shangazi mbele ya macho. Akaifungua.

Kengele imebonyezwa: mara 1.
Kitufe cha Ita: mara 0.
Dirisha la 1 limesikia. Dirisha la 2 limesikia. Dirisha la 3 limesikia.

Alisoma hadi la saba. Pasi yote ya asubuhi ikalowa jasho.

"Shangazi," aliita, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu shule ya msingi. "Tangu asubuhi umelifunga dirisha mara ngapi?"

"Kila nikiinuka. Ulitaka niliache wazi kama choo cha stendi?"

"Mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. "Chai. Fomu ya mwalimu. Choo. Simu ya kaka yako. Choo tena, usinitazame hivyo. Na kumpangusia yule mtoto kamasi. Mara sita."

Sita, na hili lililo wazi sasa, saba. Injinia alielewa yote kwa mkupuo. Alichora dirisha moja, lakini kila Shangazi alipolifungua, kompyuta ilitengeneza dirisha jipya kwa mchoro uleule, na kila jipya likazaliwa na agizo lake la kwanza: jiandikishe kusikiliza kengele. Kujiandikisha alikuandika. Kujiondoa hakuwahi kukuandika popote. Madirisha yaliyofungwa hayakufa. Yalijificha tu nyuma ya kioo, masikio wazi, na kengele ilipolia, kila moja likaita mgonjwa wake.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: dirisha likifungwa, lijiondoe. Aliuandika kwa dakika moja, akaiwasha programu upya, akairudisha foleni mahali Shangazi alipofikia kwa mdomo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Hakuna mtu katika jengo lile aliyeweza kusoma alichokiandika. Hakuna ambaye angejua.

Daktari akatoka, simu mkononi. "Vipi, umeshamweka sawa mama?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tamu, fupi: ndiyo, nimemwelekeza. Injinia alimtazama Shangazi, ambaye alikuwa akipanga kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Hapana, Daktari. Kosa ni langu."

"Sema kwa nguvu," babu wa shavu alisema kutoka kwenye benchi. "Sisi tunaoumwa tunataka kufurahi."

"Kosa ni langu!" Injinia alirudia, masikio yakimwaka. "Yeye hakubonyeza chochote; kila dirisha alilolifunga liliendelea kuisikia kengele. Kumsingizia mtu aliyefanya kazi yake vizuri, hilo nalo nimelifanya mimi."

Daktari aliitazama simu, akaitumbukiza mfukoni. "Jaribu tena."

Shangazi alilifunga dirisha na kulifungua. Akalifunga, akalifungua. Alifanya hivyo mara kumi, taratibu, kwa raha ya mtu anayekuna mahali palipowasha. Daktari akaingia, akabonyeza kengele.

"Namba kumi na nne, ingia."

Kisha kimya. Babu akainuka peke yake, akapita mlangoni kama mfalme.

Shangazi alizirudisha kalamu mezani. "Sasa yale maneno mekundu."

"Nayafuta, Shangazi."

"Nani kakwambia ufute? Andika ninayokwambia."

Injinia akaandika. Akamuuliza kama anataka kuyaona, Shangazi akasema mbona unauliza. Akamwekea kitufe cha kujaribia.

"Bonyeza hapo. Mara mo—" akameza neno.

Shangazi alibonyeza. Skrini ya ukutani ikawaka nyekundu: MTUMIAJI HANA KOSA. FUNDI AITWE MEZANI.

Injinia akasimama, akaenda mezani. "Naam, Shangazi."

"Kakae."

Alipokaa tu, Shangazi akabonyeza tena.