Mafuta ya Nazi

Siku ile mjinga alikuwa Mcha mwenyewe, fundi wa Jang'ombe, na leo hakatai. Aling'oa breki za waya kwenye gari la kale ambalo Bi Ummkulthum aliachiwa na marehemu mumewe, akafunga za mafuta. Mafuta ya breki yalipochelewa boti, akajaza ya nazi.

"Mafuta ni mafuta, Bi," alimcheka.

Baada ya siku tatu mipira ya ndani ya breki ilikuwa imevimba na kuoza. Mcha alisimama ukutani akimwelekeza Bi kuegesha: "Njoo, njoo!" Gari likaja, halikusimama, likambana Mcha ukutani. Mguu wake ukakatwa.

Hospitali, huku akiulilia mguu, Mcha bado alibisha: "Si mafuta, Bi. Gari lako zee."

"Basi unalia nini? Mguu ni mguu, Mcha. Waambie wakufunge wa mbuzi."